Kerengende Ndani ya Koti

Thompson, Manitoba
5 Septemba 2023

Mama mpendwa,

Nyonga yako inaendeleaje? Daktari alisema utembee kila siku hadi kwenye gati na kurudi, na namjua mama yangu, najua umetembea hadi kwenye kiti na kurudi. Sisi huku hatujambo. Wendell ameanza zamu ya mchana mgodini, kwa hiyo angalau tunaonana wakati wa chakula. Watoto wanakula, wanagombana, wanakua.

Nimejaribu kukupigia simu mara tatu. Mara ya kwanza ulidhani mimi ni muuza bima. Mara ya pili ukanikatia. Mara ya tatu ukaniambia, "Kama una neno la maana, liandike." Haya, naandika. Neno la maana ni Halloween, na mavazi ya watoto ya kwenda kuomba peremende milangoni.

Ndiyo, ni Septemba. Najua. Lakini wewe ndiye uliyesema mwaka jana kwamba mtu akikuletea maombi Oktoba umfungie mlango. Basi nawahi.

Sunna amefikisha miaka minane na ana maoni kuhusu kila kitu. Mwezi wa saba alitaka kuwa bundi. Mwezi wa nane, popo. Sasa ni pweza, ameapa mbele ya baba yake kwamba ni pweza na hatabadilika. Brynjar naye ana miaka minne na tangu Krismasi iliyopita anataka kitu kimoja tu: kuwa friji. Si friji inayoongea. Si friji yenye uso. Friji, Mama. Friji nyeupe, yenye mlango unaofunguka, na taa ndani. Nimemwonyesha picha za wazimamoto, za simba, za dubu. Ananiangalia kama mtu anayemsikitikia mgonjwa, kisha anasema, akijiita kwa jina lake la nyumbani, "Binni ni friji."

Vipimo vyao nimeviweka kwenye karatasi ya nyuma. Nimewapima jana baada ya kuoga, maana ndiyo dakika pekee wanayosimama.

Binti yako,
Disa

*

Gimli
13 Septemba 2023

Disa mwanangu,

Barua yako nimeipata, nashukuru mko salama. Mimi mzima, nyonga nzima, masikio ndiyo yamestaafu. Hapa nyumbani kwa wazee wametupikia kabichi siku nne mfululizo na hakuna aliyekamatwa. Bi. Hólmfríður wa chumba cha pili amenishtaki ofisini eti cherehani yangu inamtikisia meno ndani ya glasi. Nimemwambia ayavae.

Sasa. Vipimo.

Umewapima baada ya kuoga. Disa, watoto wako watatembea Thompson mwisho wa Oktoba wakiwa wametoka kuoga? Ni miaka mingapi naimba wimbo huu? Unamvika mtoto ovaroli ya theluji, zipu mpaka kidevuni, unamvika kofia na buti, NDIPO unachukua futi. Vazi la Halloween linapimwa juu ya ovaroli. Wanawake wa mji huu wote wanajua. Waliokuja juzi kutoka mjini wanajua. Binti yangu wa kuzaa ananiletea kifua cha mtoto aliyetoka kwenye beseni.

Pima upya.

Pweza nimeshaanza, siwezi kukaa bila kazi. Nimepata kitambaa cha zambarau, kizito, kizuri. Mikono mitatu imeshajazwa pamba. Na huyo Brynjar mwambie bibi yake, Amma, amefurahi. Ni mtoto mwenye akili. Friji ni boksi, na boksi linapita juu ya ovaroli yoyote bila kumsumbua mtu. Tafuta boksi zuri, taa nitakuletea, ile ndogo ya betri niliyokuwa nayo kabatini.

Keki ya plamu nimeoka tabaka saba. Kuna mtu hapa anatengeneza tano na bado anaiita keki. Nitatuma kipande.

Mamako

*

Thompson
22 Septemba 2023

Mama mpendwa,

Asante kwa barua. Natumaini kabichi imekwisha na Bi. Hólmfríður meno yake yametulia. Huku wazima, ila mimi kichwa kinaniuma, na kichwa hicho jina lake ni Sunna.

Keti kwanza.

Si pweza tena.

Jumatano jioni kipepeo wa usiku alitua kwenye wavu wa dirisha la jikoni, wale wakubwa wa kijani iliyofifia, wenye mikia mirefu kwenye mabawa. Sijui alitoka wapi na msimu wao umepita. Sunna alisimama pale mpaka chakula kikapoa. Alipogeuka nikajua. Ukimwona mtoto wako ana macho yale, pweza amekufa. Akasema, "Mama, huyo ndiye mimi." Nikamwambia Amma ameshashona mikono. Akasema, "Mingapi?" Nikasema mitatu. Akasema, "Basi amebakiza mingi, hajapoteza sana."

Nimegombeza. Nimekumbusha kiapo. Baba yake naye alivyo wa msaada, akasema kiapo cha pweza hakifungi kipepeo.

Kwa hiyo nakuomba, kwa heshima zote: kipepeo wa usiku. Na hapa naomba unisikilize, Mama. Nataka kitambaa chepesi, kile kinachoonyesha mwanga. Mabawa yanayopepea. Nataka kishonwe kwenye mwili wake kama alivyo, siyo juu ya ovaroli. Nitamvika nguo za joto za kubana chini, mbili ikibidi tatu. Lakini sitaki gunia, na sitaki koti. Nataka kila mlango atakaogonga waone ni nani.

Unajua kwa nini.

Binni bado friji.

Binti yako,
Disa

*

Gimli
29 Septemba 2023

Disa,

Hujambo na watoto hawajambo, nashukuru. Mimi nilikuwa mzima mpaka nilipofungua barua yako.

Mikono haikuwa mitatu. Barua ilipofika ilikuwa sita. Sita, Disa, imejazwa, imeshonwa, ina vifungo chini kama vya pweza mwenyewe. Sasa mitatu nimeilaza chini ya mlango kuzuia upepo, miwili chini ya dirisha, na mmoja nimeukalia kwa ajili ya nyonga. Kila anayeingia chumbani kwangu anaruka. Muuguzi ameandika kitu kwenye daftari lake, nadhani kuhusu akili zangu.

Kipepeo nitashona. Lakini kwenye mwili kama alivyo, hapana. Nguo za kubana! Hizo ni za watu wa televisheni wanaokimbia. Mtoto akisimama kwenye ngazi ya mtu dakika mbili anasubiri mlango, baridi ya huko kwenu haiulizi amevaa ngapi ndani. Unalikata pana, unalipitisha juu ya ovaroli, mabawa unayafunga mgongoni kwa nje. Anakuwa na joto na anaonekana. Nimewashonea watoto wa mji huu miaka thelathini na nane na hakuna hata mmoja aliyerudi akilia.

Na hilo la koti bado unalibeba? Ilikuwa baridi. Ulikuwa mtoto.

Nitumie vipimo vya Sunna juu ya ovaroli. Na nitumie vyako pia, kifua, mabega na urefu wa mikono, ukiwa umevaa lile koti lako la baridi. Usiulize.

Mamako

*

Thompson
6 Oktoba 2023

Mama,

Natumaini uko mzima. Sisi wazima.

"Bado unalibeba." Haya, ngoja nilitue mezani ulione lilivyo, maana nahisi hujawahi kuliangalia.

Mwaka 1984. Nilikuwa na miaka saba. Ulinishonea kerengende. Mabawa manne ya waya na kitambaa cha bluu, kila bawa lina mishipa uliyoichora kwa uzi wa fedha. Nililala nayo kitandani wiki nzima. Niliwaambia darasa zima. Jioni ile, mlangoni, nikiwa nimeshashika mfuko wangu, ulinivika koti lako la kahawia juu ya kila kitu. Lile kubwa. Nikasikia waya zinakunjika mgongoni. Ukafunga vifungo mpaka juu ukasema, "Haya, nenda."

Tulipita nyumba kumi na tisa, nilihesabu. Watoto wanapiga kelele "Matufaha ya Halloween!" milango inafunguka, na kila mlango swali ni moja: "Na wewe ni nani?" Nikijibu kerengende, wanacheka. Kwa Bi. Einarson akaniangalia juu mpaka chini akasema, "Mimi naona koti! Jamani, huyu amekuja kama koti!" Akamwita mumewe aje kuangalia.

Mimi ndiye niliyekuja kama koti, Mama. Miaka thelathini na tisa. Na wewe unaniambia ilikuwa baridi.

Halafu unajisifu hakuna mtoto aliyerudi akilia. Mmoja alirudi. Ulimpita mlangoni kwenda kuzima jiko.

Usishone kipepeo. Nitashona mwenyewe. Nina mikono, nina sindano, na watoto ni wangu.

Vipimo vyangu hivi hapa kwa sababu najua usipovipata utaniandikia mpaka Krismasi: kifua sentimita 124, mabega 52, mkono 66. Nikiwa na koti. Sihitaji sweta ya nne.

Disa

*

Thompson
17 Oktoba 2023

Mama mpendwa,

U hali gani? Siku kumi na moja na sijapata hata mstari. Kipande cha keki kilifika, hakina karatasi ndani, nikakichambua tabaka zote saba nikitafuta barua. Watoto wakaniuliza kama nina njaa au nina shida.

Nimepiga simu ofisini hapo. Binti wa mapokezi akasema, "Mama yako hana neno, amejifungia na cherehani. Bi. Hólmfríður ameandika malalamiko ya pili." Kwa hiyo uko hai na umenuna. Sawa. Mimi nilikuwa na haki ya kusema niliyosema, lakini ile sehemu ya jiko ningeweza kuiacha.

Nikueleze ushonaji wangu ucheke kidogo. Nilinunua kitambaa kile chepesi cha kijani. Mama, kitambaa kile kina roho. Kinateleza mezani chenyewe. Bawa la kwanza nilishona likiwa ndani nje. La pili nilishona vizuri sana, kwenye kitambaa cha meza. Jumamosi nilipomaliza mikia nikagundua yote miwili ni ya upande wa kushoto. Nilitoa neno ambalo Binni amekwenda nalo chekechea, na nimeshaitwa na mwalimu.

Friji inaendelea. Wendell alileta boksi kutoka dukani, tumelipaka rangi nyeupe. Binni anasimamia kazi. Juzi alikataa mlango kwa sababu unafunguka upande usio wa friji yetu. Baba yake akauhamisha. Ndani amebandika picha ya maziwa, mayai, na nusu ya limau. "Kwa nini nusu?" nikamuuliza. Akasema, "Nusu tumekula."

Na kama haya hayatoshi, daktari wa meno ninayemfanyia kazi ameniagiza tena mwaka huu niwagawie watoto wa mtaa miswaki badala ya peremende, eti mimi ndiye uso wa kliniki. Sunna anasema mwaka jana watoto walionyeshana nyumba yetu kwa kidole. Nimemwambia tutaweka miswaki chini na peremende juu.

Andika, Mama. Hata kunitukana.

Binti yako,
Disa

*

Thompson
1 Novemba 2023

Mama mpendwa,

Bado kimya. Natumaini ni hasira na siyo ugonjwa, maana hasira yako naijua dawa yake, ni kusubiri. Sisi tuko salama. Sunna ana mafua kidogo. Nitakueleza kwa nini, na utakapofika mwisho una ruhusa ya kusema chochote.

Kipepeo alimalizika Jumapili. Mishono ilikuwa ya kuomba radhi, lakini alipofungua mikono, Mama, alikuwa yeye. Yule yule wa dirishani. Alizunguka sebuleni mpaka akaangusha taa. Nikasema moyoni, ona, Mama wa Gimli, hakuna ovaroli, hakuna koti, na mtoto anaonekana.

Jana mchana theluji ilianza. Saa kumi na moja jioni tulipotoka ilikuwa nyuzi kumi na nne chini ya sifuri na upepo unatoka mtoni. Nilikuwa nimemvika nguo za kubana tatu. Binni yuko ndani ya boksi lake, chini ana ovaroli, buti na kofia, anatembea kama mwenye nyumba.

Nyumba ya kwanza walimshangilia. Ya pili mama mmoja aliita watoto wake waje kumwona. Nilikuwa na furaha ya kijinga, nilitaka kuwaambia watu nimeshona mimi. Nyumba ya tatu akaacha kufungua mikono. Ya nne nilimwangalia chini ya taa ya barazani, midomo imekuwa ya bluu, na meno yanagonga mpaka hawezi kusema. Nikamuuliza turudi nyumbani? Akatikisa kichwa. Hataki. Ana mfuko mtupu na mtaa mzima mbele yake.

Nikavua koti langu. Nikamvika juu ya mabawa yake ya waya. Mama, niliifunga zipu mwenyewe. Nilisikia waya zinakunjika.

Na unajua nilisema nini? Nilisema, "Haya, twende."

Nyumba ya tano mwanamke alimsifu Binni, akafungua mlango wa friji, akacheka nusu ya limau mpaka akafuta machozi, akamtilia peremende kwenye rafu ya maziwa. Kisha akamwinamia Sunna. "Na wewe mpenzi, umekuwa nani?"

Sunna aligeuka akaniangalia, anasubiri nimwambie huyo mwanamke. Mimi nimesimama pale kwenye theluji na sweta, nina miaka arobaini na sita, naangalia zipu niliyoifunga. Binni ndiye aliyejibu. Alisema, "Huyo ni Sunna. Yuko ndani."

Tulirudi. Hata kwa Mzee Linklater jirani yetu hatukufika, na kila mwaka tunamalizia kwake, huwa ametuwekea sahani ya peremende dirishani. Sunna hakulia. Ningependa angelia. Alining'iniza mabawa bafuni yakauke, akala peremende mbili, akaenda kulala. Nilikaa jikoni na koti langu magotini nikajaribu kukukasirikia kama nilivyozoea, na sikuweza.

Nilimvika koti, Mama. Nilikuwa na miaka thelathini na tisa ya kujiandaa nisifanye hivyo.

Naomba uniandikie.

Binti yako,
Disa

*

Gimli
2 Novemba 2023

Disa mwanangu,

Natumaini barua hii na mzigo huu vitawakuta wazima. Halloween yenu imepita na sijui imekwendaje, nangoja barua. Nimechelewa. Najua nimechelewa, usinieleze.

Sikununa. Nilikasirika siku mbili, halafu nikaona nina kazi. Macho yangu yameingia ukungu, yote mawili, watanipasua Januari. Hukuambiwa kwa sababu ungekuja kwa gari mwendo wa saa nane kuniangalia kwenye macho. Sasa hivi yananipa kazi moja tu kwa siku. Ama niandike, ama nishone. Nilichagua kushona. Nilishona nikafumua, nikashona nikafumua, uzi wa fedha siuoni mpaka nikae dirishani saa sita mchana, na saa saba wanatuita kula. Bi. Hólmfríður mwenye meno ndiye aliyenitungia uzi kwenye sindano. Alikuja kugomba akaona ninachoshona, akaketi. Sasa haondoki.

Ndani ya mzigo kuna vitu viwili. Cha kijani ni cha Sunna. Nilijua utashona mwenyewe, na najua unavyoshona. Kimepimwa juu ya ovaroli, nimekisia, maana mama yake alinipa kifua cha beseni. Akikivaa mwakani kitamtosha, kina upindo mkubwa wa kuachia.

Cha bluu ni chako.

Sasa nisikilize, maana sitayaandika mara mbili. Ulisema nilikupita mlangoni kwenda kuzima jiko. Ni kweli. Nilikuona. Niliona uso wako nikajua nimefanya nini, nikaenda jikoni. Jiko lilikuwa limeshazimwa.

Ningeweza kulikata lile vazi pana. Ni jambo dogo sana, sentimita kumi huku na kumi kule. Nilikushonea siku kumi na moja na sikufikiria hata mara moja kwamba utatoka nje. Nilifikiria ulivyo mzuri tu. Halafu ikafika saa ya kutoka, nikaona theluji, nikaogopa, na koti lilikuwa pale kwenye msumari.

Mwaka uliofuata nilikushonea bata mzinga, mpana, wa kuvaa juu ya ovaroli. Ukaniambia umeshakuwa mkubwa kwa mambo hayo. Ulikuwa na miaka minane. Nikampa mtoto wa jirani. Mama yake akaniuliza, "Lovísa, umewazaje kukata hivi?" Wakaanza kuniletea watoto wao. Hapo ndipo ilipoanza, Disa. Ile miaka thelathini na nane ninayojisifia. Kila mtoto niliyemsimamisha kwenye kiti akiwa na ovaroli yake nikampima, nilikuwa nakupima wewe, na wewe ulikuwa chumbani umefunga mlango.

Nilikosea. Haikuwa baridi tu. Nisamehe.

Mabawa yapo manne. Matatu ni mapya. La chini kushoto ni lile lile la zamani, waya nimeunyoosha lakini bado limepinda kidogo, lisikuudhi. Kifua 124. Linapita juu ya koti. Nimelijaribu kwa mhudumu wa hapa, kijana mnene, akasema hajisikii vibaya.

Mamako, na Amma wa hao wawili,
Lovísa

*

Thompson
12 Novemba 2023

Mama mpendwa,

Barua zetu zilipishana njiani, kwa hiyo kufikia sasa umeshasoma ya kwangu na unajua kwamba mimi na wewe ni pacha. Macho yanasemaje? Nitakuja Januari. Usibishane, nimeshaomba likizo kwa daktari wa meno, na kwa hasira nimemwambia aigawe miswaki yake mwenyewe.

Mzigo ulifika Ijumaa. Sunna aliukata kamba kwa meno. Cha kijani alikivaa pale pale juu ya pajama, kikamfunika mpaka chini kama hema, akasema ni kikubwa mno. Binni akaenda akamletea ovaroli yake bila kuambiwa. Akavua, akavaa ovaroli, akavaa kipepeo juu. Kikamkaa. Umekisia, Mama, huoni, na kimemkaa kuliko kile nilichomshonea akiwa mbele yangu. Nilitaka kukasirika na hilo pia.

Cha bluu nilikiacha kwenye boksi mpaka leo. Nilikuwa nakifungua, naligusa lile bawa la chini kushoto, nafunga. Wendell alipita mara kadhaa akajifanya hanioni.

Leo Jumapili saa tisa alasiri Sunna alisimama mbele yangu na mabawa yake akaniambia, "Mama, utavaa au hutavaa? Mimi nasikia joto." Amekuwa na sauti yako, hiyo ya futi mkononi.

Nikavaa koti langu la baridi. Nikafunga zipu mpaka kidevuni. Sunna akanipitishia vazi kichwani, Binni akashika mkia. Linapita juu ya koti, Mama. Halibani popote.

Tulikwenda nyumba moja tu. Theluji iko magotini, jua linazama, tumefuatana kwenye njia ya Mzee Linklater: friji mbele, kipepeo katikati, mimi nyuma. Baiskeli zimefungwa, watu wameshaanza kuweka taa za Krismasi, na mwanamke aliyekuwa anasukuma theluji kwa koleo aliacha kusukuma. Tukagonga. Nikawaambia watoto hatusemi hayo maneno ya siku hizi, nikawafundisha yetu. Wakapiga kelele wote wawili, na mimi nikapiga, "Matufaha ya Halloween!"

Mzee akafungua akiwa na soksi tu. Alituangalia mmoja mmoja.

"Nyinyi mnajua leo ni tarehe ngapi?"

"Tunajua," nikasema.

"Sahani nilikuwa nayo. Nimekula mwenyewe zote." Akaingia jikoni tukasikia makabati, akarudi na matufaha matatu, yamekunjamana kidogo, ya kuokea. La kwanza akaliweka ndani ya friji, kwenye rafu ya mayai, akafunga mlango kwa adabu. La pili akampa Sunna. "Kipepeo wa usiku," akasema, "wale wakubwa. Sijamwona siku nyingi." Sunna akafungua mikono yote ili amwone vizuri.

Akanigeukia mimi, tufaha la tatu mkononi. Akaniangalia juu mpaka chini.

"Na wewe ni nani?"

Nilijua swali litakuja, nilikuwa nimejiandaa njia nzima, na bado sauti iliyotoka ilikuwa ya mtoto wa miaka saba. Nikamwambia, "Kerengende."

"Naona," akasema. "Naona kabisa. Bawa moja limepinda."

"Ni la zamani hilo," nikamwambia. "Mama yangu alilishona."

Nimekusamehe, Mama. Nilitaka kulisema kwa maneno mengi na sina.

Halafu jambo moja. Mwakani nataka uje huku kabla ya tarehe thelathini na moja, utembee nasi, na hutatembea mtaani kwangu ukiwa hujavaa kitu. Sunna amekuchagulia pweza. Anasema mikono sita tayari unayo. Miwili iliyobaki nitashona mimi, na Mungu atusaidie. Nitumie vipimo vyako, kifua, mabega na urefu wa mikono. Ukiwa umevaa koti. Usiulize.

Binti yako,
Disa